Chenga Husamehewa

Mjukuu wangu,

Picha zako za furukombe zimenifikia. Nilizitazama kwanza kwenye simu, kisha nikaenda Mwanga, hapa Kigoma, kwa kijana wa steshenari anifungulie kwenye kompyuta nizione kwa ukubwa wake. Ile ya tatu ndiyo iliyonikalisha. Ndege ameshuka hadi majini, kucha zimetangulia mbele, matone yameruka, na nyuma yake kuna mtumbwi wenye watu wawili waliogeuka kumtazama. Watu wanaonekana vizuri hadi mikunjo ya mashati. Mtumbwi unaonekana hadi viraka vya bati vilivyopigiliwa ubavuni. Furukombe mwenyewe ndiye asiyeonekana: kichwa chake cheupe kimekuwa mfuto mrefu, na mbawa zimeyeyukia majini. Nikafungua maelezo ya picha: ISO 400, shata 1/200, tundu f/6.3, saa moja na robo asubuhi. Nawe umeniandikia kwamba uliambiwa usivuke ISO 800, kwamba ukivuka picha inajaa chenga na haina kazi tena.

Aliyekwambia hivyo hakuwa na nia mbaya. Kamera za dijitali za mwanzo zilikuwa hivyo kweli, na hofu ile imerithishwa hadi kwa watu wenye kamera zisizoihitaji. Lakini kwa ndege, na kwa chochote kinachokwenda mbio, ushauri huo unakunyang'anya picha. Chenga zinaweza kupunguzwa nyumbani. Siku hizi zipo programu zinazozisafisha kwa namna ambayo sisi tuliozeekea chumba cha giza hatukuiota. Unyoya ambao haukuingia kwenye picha hakuna programu itakayouleta. Itaweza kuubuni tu, na unyoya wa kubuni si wa furukombe wa huko kwenu Kagunga.

Kwa hiyo ukishika kamera, anza kujiuliza: huyu ndege anakwenda kasi gani? Hapo unapata shata. Kisha: lenzi yangu inafunguka hadi wapi? Hapo unapata tundu. ISO inakuja mwisho, inabeba kilichobaki, hata kama kilichobaki ni kizito. Wewe ulianza na ISO, ukaifungia kwenye 400, halafu ukaiacha shata ihangaike peke yake. Shata ya 1/200 inamtosha mtu aliyekaa mtumbwini. Furukombe anayepiga maji haimshiki.

Nizungumzie sasa mwanga wa kwenu, maana hapo ndipo ushauri wa watu wa mbali unapokukosea. Saa za Tanzania zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, unaopita baharini huko mbele ya pwani yetu. Sisi wa Ziwa Tanganyika tuko karibu na nyuzi 30, na nyuzi 15 ni saa nzima ya jua. Ndiyo maana Dar es Salaam watu wameshaota jua wakati Kigoma ndiyo kwanza kunapambazuka. Halafu Kagunga ina jambo lake la pili: mmekaa ukingo wa mashariki wa ziwa, na mgongoni mna safu ya milima inayoshuka kutoka Burundi kuelekea Gombe. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, milima inapanda kupita mita 1,500, na jua la asubuhi lazima liivuke kwanza ndipo liwafikie. Saa moja na robo anga ni jeupe, milima ya Kongo ng'ambo imeshapigwa na jua, macho yako yanakwambia kumekucha kabisa. Ufukwe wenu bado uko kivulini. Jicho halikuonyeshi tofauti hiyo, kwa sababu jicho hujirekebisha bila kukuuliza. Kamera haina huruma hiyo.

Tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani? Wapiga picha wa zamani tulikuwa na kanuni isiyohitaji betri. Jua likiwa kali na anga safi, weka tundu f/16, na shata iwe moja chini ya namba ya filamu: filamu ya 100, shata 1/100. Ukiingia kwenye kivuli cha wazi, kile kinachoona anga lakini hakioni jua, unafungua tundu hadi f/4. Kutoka f/16 hadi f/4 ni hatua nne, na kila hatua ni mara mbili. Kivuli kile kina sehemu moja kati ya 16 ya mwanga wa juani. Chukua basi tundu f/5.6 na shata 1/2000. Juani ISO 250 inakutosha. Kivulini, kwa tundu lilelile na shata ileile, unahitaji ISO 4000. Na picha yako ile inasema karibu hayo hayo: 1/200 kwa ISO 400 ni sawa na 1/2000 kwa ISO 4000. Mwanga wa kumpata furukombe ulikuwepo asubuhi ile, ulichokosa ni ruhusa ya kuandika 4000.

Nataka ujue pia kwamba ruhusa hiyo watu waliitamani sana. Hapo jirani yenu Gombe, mwaka 1962, alifika Mholanzi Hugo van Lawick kuwapiga picha mtafiti Jane Goodall na sokwe wake kwa ajili ya jarida la National Geographic. Zama hizo filamu ya rangi iliyosifiwa kuliko zote, Kodachrome, ilikuwa ya 25, na ile nyepesi zaidi ilikuwa ya 64. Ingia nayo chini ya miti ya bonde la Kakombe, jioni, sokwe mweusi kwenye majani meusi, uone. Mpiga picha wa aina hiyo anangoja sokwe atulie, au ajitokeze penye jua, na mengi yanayotokea katikati hayawi picha. Kamera yako ya mkononi inafika 6400, mara 100 ya ile 64. Hata sisi wa Ujiji baadaye, ukishaweka mkanda wa 100 ulikuwa umefungwa nao hadi picha ya 36. Harusi ikiingia usiku hukuwa na la kufanya ila flashi. Wewe unabadili kwa kidole kati ya picha na picha. Kuiacha nafasi hiyo kwa woga wa chenga kunanisikitisha kweli.

Tena chenga zenyewe tuzielewe. Watu husema ISO kubwa inaleta chenga, na wanaishia hapo. ISO haiiti mwanga wala haiufukuzi. Inakuza kile kilichokwisha kuingia kwenye kihisi cha kamera. Chenga zinatokana na uchache wa mwanga wenyewe. Mwanga huanguka kwa chembe, na chembe hazianguki kwa usawa. Tazama matone ya kwanza ya mvua kwenye uwanja wenye vumbi: hapa matatu, pale moja, pale hakuna, uwanja una madoa. Mvua ikikolea hutambui tena tone lipi limeanguka wapi. Shata ya 1/2000 alfajiri inaruhusu matone machache tu, kwa hiyo picha ina madoa, na ISO inayaonyesha. Ungeweza kuyaongeza matone kwa kufungua tundu zaidi, au kwa kurefusha shata, au kwa kungoja jua livuke mlima. Lenzi yako imefika mwisho wake, ndege hakubali shata ndefu, na furukombe hawindi kwa ratiba yako. Imebaki ISO.

Hapo ndipo ninapokukataza jambo moja kwa nguvu. Wapo wanaopiga kwa ISO 800 shata ikiwa 1/2000, picha inatoka nyeusi tii, kisha wanaiangaza kwenye kompyuta na kujisifu kwamba hawakuvuka 800. Wamejidanganya. Mwanga ulioingia ni uleule mchache, na kuuangaza nyumbani ni kuukuza vilevile, mara nyingi kwa hali mbaya zaidi, hasa kama kamera imekuandikia JPEG badala ya faili ghafi. Vivuli vinachubuka rangi, vinaota madoa ya zambarau na kijani. Picha ya ISO 4000 iliyopata mwanga wake sawasawa mara nyingi ni safi kuliko ya ISO 800 iliyookolewa gizani. Piga ghafi, na upe picha mwanga unaostahili palepale ufukweni.

Lakini kuna upande mmoja ambao ISO kubwa inadai heshima, nao ni weupe. Kila ukiizidisha ISO mara mbili, nafasi ya kuhifadhi sehemu zinazong'aa inapungua. Furukombe ana kichwa na kifua vyeupe juu ya mwili wa kahawia na mbawa nyeusi. Mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, yule mnayemwona amesimama hewani juu ya maji huku mbawa zikitetema, naye kifua chake ni cheupe. Kamera ikiachiwa ijiamulie yenyewe, inaona mlima mweusi nyuma ya ndege, inadhani giza limeingia, inapandisha ISO, na kichwa cha furukombe kinaungua. Kilichoungua hakirudi. Mbele ya mlima, punguza theluthi mbili ya hatua au hatua nzima. Mbele ya anga jeupe fanya kinyume, ongeza, la sivyo mnandi wako atakuwa kivuli kisicho na jicho.

Swali lako la kama utumie ISO ya kujiendesha linajibiwa hapohapo, na jibu linategemea ni kipi kinachobadilika. Furukombe akiruka kivulini kutoka angani, akapita mbele ya msitu, akashuka majini, mwanga unaompiga haujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mandhari nyuma yake. Hapo funga ISO kwa mkono: pima mwanga kwenye kitu cha rangi ya wastani kilicho kivulini pamoja naye, majani au nyavu zilizoanikwa, piga picha moja ya kujaribu, tazama histogramu, kisha usiiguse. Atatoka sawa kila mahali. Lakini saa ile ya asubuhi kivuli cha mlima kina ukingo wake juu ya maji, unaonekana wazi ukiwa ndani ya boti: huku bluu nzito, kule maji ya dhahabu. Ndege akivuka ukingo huo anaingia kwenye mwanga unaoweza kuwa mkubwa hata mara 16. Hakuna kidole kitakachomuwahi. Hapo iache kamera iendeshe ISO, wewe ufunge shata na tundu. Wakati wowote ukiwa huna uhakika, jiulize tu kama ni mwanga unaohama au ni ndege.

Kuhusu shata, ndege hawalingani. Korongo aliyesimama kwenye mawe akingoja samaki utampata kwa 1/250, wakati mwingine chini ya hapo, na ukimpiga kwa ISO 4000 umetumia vibaya. Shuka hadi 400 au 800 upate manyoya laini. Mnandi anayekausha mbawa ni hivyohivyo. Furukombe anayeelea bila kupiga mbawa, 1/1000. Anayepiga maji, 1/2000. Mdiria anaposhuka kichwa chini, 1/3200 na hata hapo ncha za mbawa zinaweza kukuponyoka, nami sioni ubaya, mradi jicho limeshikika. Kwa mdiria sikushauri umkimbize anaposhuka. Mshike akiwa amesimama hewani, weka fokasi kwenye kichwa, piga mfululizo. Kushuka kutajileta kwenyewe. Na yule tumbusi mweupe anayekula matunda ya michikichi, ambaye wageni hulipa fedha nyingi kuja kumwona na ninyi mmekua naye, msimfuate ndani ya michikichi saa sita mchana. Jua linapenya majani kwa vipande, kipande kinamuunguza bega na kichwa kiko gizani, na hakuna ISO inayotibu hilo. Mngojee jioni anapotua kwenye mti wa ufukweni, jua likitoka upande wa Kongo na kumpiga usoni.

Jioni, basi, mpango unageuka. Asubuhi milima inawanyima jua, jioni inalipokea lote. Ukiwa ufukweni unatazama ziwani, jua liko machoni pako na ndege wote ni vivuli. Ukiwa majini unatazama nchi kavu, kila kitu kinang'aa, na ISO 400 au 800 inatosha hadi jua linapogusa milima ya ng'ambo. Baada ya hapo mwanga unakimbia. Huku karibu na ikweta machweo hayana subira kama ya Ulaya, na vitabu vyao vinavyosifu saa nzima ya mwanga wa jioni havikuandikwa Kagunga. Ukiona picha zinaanza kuwa nyeusi, usishushe shata. Pandisha ISO, hatua kwa hatua, 1600, 3200, 6400, kisha funga begi. Na miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, moshi wa mioto ya nyika unapofunika ziwa hata Kongo haionekani, ongeza hatua moja zaidi ya unavyodhani.

Boti nayo ina mkono wake kwenye hesabu. Hata korongo aliyetulia kama jiwe, ukimpiga ukiwa botini, anatikisika kwa sababu wewe unatikisika. Mwombe nahodha azime injini. Mtetemo wake hupita kwenye mbao hadi kwenye kiwiko. Usiegemeze lenzi kwenye ukingo wa boti. Kaa, bana viwiko mbavuni, na usishuke chini ya 1/1000, ISO ipande inavyotaka. Nimeona vijana wakinunua lenzi ya gharama, kisha wanapiga wakiwa botini kwa 1/320 ili waokoe chenga. Lenzi ile imekuwa chupa tu.

Kingine kinachoongeza chenga, na hakitajwi, ni kukata picha. Ndege akiwa mdogo katikati ya maji mengi, ukimkata ili ajaze picha, unazikuza chenga pamoja naye. ISO 6400 kwa ndege aliyejaa ni nzuri kuliko ISO 1600 kwa ndege aliye mbali. Kwa hiyo sogea, lakini kwa adabu. Naivasha, Kenya, waendesha boti humrushia furukombe samaki ili ashuke mbele ya wageni, na picha nyingi za furukombe unazoziona zimepatikana hivyo. Sitaki uanze hilo Kagunga. Ndege aliyezoeshwa kufuata boti atazifuata na zenye nyavu. Tena mnaowahitaji mmeshawapata: dagaa wakianikwa asubuhi, mwewe wanakuja wenyewe, wanashuka, wananyakua, wanageuka juu ya vichwa vya akina mama. Huko ndiko shule yako. Na wakati wa kutaga, ukiona furukombe anapiga kelele kila ukikaribia mti mmoja, ondoka pale.

Haya ninayokwambia hayaishii kwa ndege. Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, ikaamuliwa kwa bao moja la Taddeo Lwanga kipindi cha pili. Bao kama hilo haliji mara mbili, na aliyekuwa na shata ndefu alirudi na mguu wa ukungu. Na Mei 2015 wewe ulikuwa mtoto mdogo, lakini unajua: makumi ya maelfu ya watu waliokimbia Burundi walijaa ufukweni kwenu, na mitumbwi ikawa inawasogeza kwenye meli ya MV Liemba ili wapelekwe Kigoma, kwa sababu meli haikuweza kufika nchi kavu. Mambo ya namna ile hayangoji mwanga mzuri. Likitokea la kupigwa picha kwenye giza la jioni, mikono inapokea mtoto kutoka mtumbwini, weka ISO 6400 bila kusita, na uilinde heshima ya mtu kabla ya kujihadhari na chenga.

Kilichobaki ni wewe kuijua kamera yako, na hilo hutalipata kwangu. Nenda mwaloni asubuhi, siku zisizo za mbalamwezi, boti za dagaa ziwe zimerudi. Funga shata 1/2000, tundu wazi kabisa, ISO uiache ijiendeshe, kisha piga mwewe. Mwanga ukiwa bado ni wa kivuli ISO itapanda hadi 4000 na zaidi. Jua likivuka mlima itashuka 1600, 800, 400. Chagua moja ya kila namba, zichapishe kwa ukubwa wa kadi ya posta na tena kwa A4, maana kwenye kompyuta ukikuza hadi uone punje moja moja, kila picha itakutisha, na hakuna mtu anayetazama picha ukutani kwa kuigusa na pua. Andika namba ya kila moja nyuma yake, zipange mezani bila kuzitazama namba hizo, mwite mama yako na mvuvi mmoja, uwaulize ipi imewaudhi. Namba itakayowaudhi kwenye A4 ndiyo mwisho wako. Ingiza iliyo chini yake kama kikomo cha ISO ya kujiendesha, halafu urudi kwa furukombe wako.